Kisome Kabla Hujakipa Jina

Kila baada ya muda hunijia picha kwenye simu. Kipande cha bati kilichopinda, kimelazwa juu ya mkeka, na chini yake swali lilelile: "Kaka, hii si ya ndege ya vita?" Isikilizeni hiyo "si". Aliyeuliza hatafuti jibu. Jibu analo, wakati mwingine hata jina la rubani analo. Kwangu anataka muhuri tu. Nikimuuliza kama kuna namba popote, hunieleza kwamba alikipiga msasa kwanza ili kitoke vizuri pichani.

Nina ugomvi na tabia hii. Naiita dhuluma, na sitii chumvi. Kila kipande cha ndege kilitoka kwenye ndege fulani, na ndege hiyo ilikuwa na watu wake. Ukikibandika jina la mtu mashuhuri kabla ya kukisoma, umewapokonya wenyewe.

Tazameni kisa cha Nikumaroro. Amelia Earhart, rubani wa Marekani, alipotea juu ya Pasifiki tarehe 2 Julai 1937 pamoja na mwelekezi wake, Fred Noonan, wakiwa kwenye Lockheed Electra. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa wakimsaka waliokota kwenye kisiwa hicho bamba la alumini lenye safu za matundu ya ribiti. Safu hizo hazikulingana na bamba la kawaida la Electra. Hapo mtu angetegemea waseme: basi, si lake. Lakini ikatafutwa njia: huenda ni kiraka. Picha ya zamani ilionyesha dirisha moja la ndege ile likiwa limezibwa kwa bamba, basi hilo likawa ndilo bamba lenyewe, na magazeti yakalitangaza. Baadaye sana safu za matundu zikalinganishwa na bawa la Douglas C-47, ndege ya mizigo ya Vita vya Pili vya Dunia, zikakaa sawa. Muda wote huo hakuna aliyeuliza habari za waliorukia ndege hiyo ya mizigo, kwa sababu hawakuwa maarufu.

Huku kwetu jina linalopendwa ni Rufiji. Ni kweli ndege ziliruka pale. Tangu mwishoni mwa 1914 Waingereza walizitumia kuisaka manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mikoko ya delta, na tarehe 11 Julai 1915 marubani waliwaelekeza wapiga mizinga mpaka ikaangamia. Siku hiyohiyo ndege moja aina ya Henri Farman ilipigwa ikaangukia mtoni. Ninaipenda sana historia hiyo, na ndiyo maana siwezi kuiacha ichezewe. Ndege zile zilivikwa kitambaa na kukazwa kwa waya. Ukiniletea bamba la alumini lenye ribiti ukaniambia ni la 1915, bamba lenyewe linakukatalia. Niletee kipande cha injini, tukae tuzungumze.

Kusoma chuma si uganga. Unatafuta namba, mihuri midogo ya wakaguzi, rangi iliyobaki upande wa ndani, umbali kati ya ribiti na ribiti, na kipimo cha nati, maana spana ya milimita haikai sawasawa kwenye nati ya Kiingereza ya zama zile. Na namba nayo ina mitego. Vipuri vya Spitfire vilipewa namba za michoro: 300 kwa toleo la kwanza, 361 kwa toleo la tisa. Mwenye haraka akiona 300 anashangilia kwamba ameshika ndege iliyopigana juu ya Uingereza mwaka 1940. Kumbe vipuri vingi vilivyochorwa kwa toleo la kwanza viliendelea kufungwa kwenye matoleo ya baadaye. Namba imekutajia mchoro; ndege bado hujaijua.

Najua nitakavyojibiwa. Bila hekaya nani atajali? Kipande kisicho na jina kitauzwa kwa kilo, kiyeyushwe, kiwe sufuria. Hofu hiyo ni ya kweli, nami ninayo. Lakini hekaya ya kubuni haikiokoi kipande. Inakiahirishia tu siku ya kutupwa. Siku ikibainika kwamba si cha shujaa yule, waliokuwa wakikibusu ndio watakaokitupa wa kwanza, na alama ambazo zingemtaja mwenyewe zilikwisha kufutwa kwa msasa.

Na kama mnataka kisa cha kusisimua, kipo Pemba, kwenye ndege ya zama zetu. Mwezi Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa kilipatikana ufukweni huko. Wachunguzi wa Australia hawakuanza na hekaya, ingawa dunia nzima ilikuwa nayo mdomoni. Walisoma namba. Muhuri mmoja ulikuwa na tarehe 23 Januari 2002. Ndege iliyokuwa ikitafutwa ilikabidhiwa kwa mwenyewe tarehe 31 Mei mwaka huohuo. Kiwanda cha Italia kilichotengeneza kipande kikafungua kumbukumbu zake na kuthibitisha. Ilikuwa MH370, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Kisha michubuko ya ndani ikawaonyesha jambo jingine: kipande hicho, ambacho hushushwa ndege inapotua, yaelekea kilikuwa kimerudishwa ndani ya bawa kilipong'oka. Mikwaruzo hiyo mtu angeiona uchafu. Fikirieni angetokea mmoja wetu na brashi ya waya.

Kwa hiyo ukiokota kipande, usikioshe, usikinyooshe. Kipige picha pande zote, rula ikiwa kando yake. Andika ulipokikuta na siku uliyokikuta, uliza wazee wa hapo waliona nini, kisha kiripoti. Kama kina dalili ya mabaki ya watu, kiache palepale ukaite serikali. Na mtu akikuuliza ni cha ndege gani, nawe hujakisoma, mwambie: bado sijui.