Mtoto aliyefungua redio ya babu

Mama mmoja wa Matamba ameniuliza swali ambalo wazazi wengi tunalo. Mwanawe wa darasa la sita ameifungua redio ya babu yake, ile iliyokuwa imekufa siku nyingi juu ya kabati, na sasa vipande vyote vimo kwenye kopo la rangi chini ya kitanda. Babu amenuna. Baba anataka kumchapa kabla hajahamia kwenye redio nzima. Mama anauliza: nimwache, au nimkomeshe?

Dada yangu, fimbo iwekeni kando. Aende kwa babu akaombe radhi, maana redio ilikuwa na mwenyewe na yeye hakuomba ruhusa. Akirudi, kaa naye jikoni penye joto mlimwage lile kopo mezani. Ndani yake kuna kitu kigumu kufa hata redio ikifa: spika.

Lakini kwanza sharti, na hili halina mjadala. Mtoto achezee betri za tochi tu, zile za volti moja na nusu. Asiguse umeme wa ukutani. Asiguse betri ya sola wala ya pikipiki, kwa sababu waya ukiunganisha ncha zake mbili unaweza kuwa mwekundu kama kaa la moto mkononi mwake. Betri ya simu ikitobolewa huwaka. Na ile runinga ya zamani yenye mgongo mkubwa isifunguliwe kabisa. Huweza kutunza umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Sasa chukueni betri moja, spika na vipande viwili vya waya vilivyomenywa ncha. Waya mmoja utoke upande mmoja wa betri hadi mguu mmoja wa spika. Waya wa pili ufungwe kwenye mguu wa pili wa spika, na ncha yake iguse upande wa pili wa betri. Mtasikia "ka!" Mkiuachia, "ka!" tena. Mwambie atie punje chache za ulezi kwenye karatasi ya spika, agusishe tena, aone zinavyoruka. Kisha ageuze betri. Karatasi iliyokuwa ikisukumwa nje sasa inavutwa ndani. Nyuma ya ile karatasi pana koili ya waya mwembamba iliyokaa kando ya sumaku. Umeme ukipita, koili inakuwa sumaku nayo, inasukumana na mwenzake. Msiuache waya umegusa muda mrefu, betri itaisha bure.

Hapo ana "ka" moja moja. Ili ziwe sauti, tafuteni tupa ya kunolea jembe, isiwe na kutu. Waya kutoka betri uzungushwe barabara kwenye mkia wa tupa, na ule waya wa spika uburuzwe juu ya meno yake. Kila jino linaunganisha umeme, kila bonde linaukata. Spika itakoroma: krrrr. Akiburuza haraka, sauti inapanda. Akienda polepole, inashuka. Mwache afanye mwenyewe mara kumi, ishirini, usimwahi kwa maelezo. Halafu muulize kwa nini inapanda. Akijibu kwamba meno mengi yamepita kwa muda mfupi, ameshaelewa jambo ambalo wengi wetu tulilikariri tu ubaoni. Sikio la binadamu husikia mitikisiko kuanzia kama 20 kwa sekunde hadi kama 20,000, na chini ya hapo tunasikia "ka, ka" zilizoachana.

Akishachoka kuburuza mkono, atauliza kama kuna kitu kinachoweza kukata na kuunganisha chenyewe. Kipo. Ni kidude cheusi chenye miguu minane ambacho mafundi hukiita aisii 555. Alikibuni Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, Hans Camenzind, mwaka 1971, na hadi leo kinatengenezwa na ni rahisi. Mkishuka zile kona 57 hadi Chimala, au mkifika Mbeya, Makambako au Njombe, ulizeni kwa mafundi redio na wauza vipuri. Ombeni pia resista tatu: ya ohmu 100 (mistari ya kahawia, nyeusi, kahawia), ya 1,000 (kahawia, nyeusi, nyekundu) na ya 10,000 (kahawia, nyeusi, machungwa). Na kapasita ndogo iliyoandikwa 104. Huenda baadhi zimo kwenye kopo tayari. Mtoto azitafute kwa rangi.

Shikeni kidude alama ya pembeni ikiwa juu. Mguu wa 1 uko juu kushoto, mnahesabu kushuka hadi 4, kisha mnapanda upande wa kulia kutoka 5 hadi 8. Betri nne zifuatane, ziwe volti sita. Chanya iende mguu wa 8 na wa 4. Hasi iende wa 1. Miguu ya 2 na 6 iunganishwe. Resista ya 1,000 ikae kati ya 8 na 7, ya 10,000 kati ya 7 na 6, kapasita kati ya 2 na 1. Kutoka mguu wa 3 pitieni resista ya 100, kisha spika, kisha hasi. Mguu wa 5 uachwe. Spika italia mfululizo, mitikisiko karibu 700 kwa sekunde.

Utamu uko hapa. Ondoeni resista ya 10,000. Mahali pake wekeni waya mbili zilizo wazi, na kwenye karatasi chorenimstari mnene kwa penseli, mkandamize sana. 2B ni bora kuliko HB. Waya mmoja ubanwe mwanzo wa mstari, mwingine utembezwe juu yake. Ukikaribia, sauti inapanda. Ukienda mbali, inashuka na kuanza kukoroma kama tupa. Risasi ya penseli hupitisha umeme kwa shida, na mstari mrefu una shida zaidi. Huo ndio ukinzani, na mtoto ameusikia kwa masikio.

Kwa nini nalisisitiza hili? Watoto wetu wa shule za Kiswahili wakiingia kidato cha kwanza wanakutana na fizikia kwa Kiingereza, kitu kigeni kwa lugha ngeni. Aliyewahi kukishika kitu atajifunza jina lake tu. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kule Malawi, William Kamkwamba na binamu yake Geoffrey walianza kwa kufungua redio. Njaa na ukosefu wa ada vilipomtoa shule, alisoma vitabu vya maktaba akajenga kinu cha upepo kwa dinamo ya baiskeli na vyuma chakavu, taa zikawaka kwao. Mwaka 2007 alikuwa Arusha akilisimulia hilo kwenye mkutano wa TED. Wengi wanaofungua redio hawatafika huko, nami simwahidi mama wa Matamba chochote.

Mkikosa sauti, gusa kidude: kikiwa cha moto mmekigeuza, chomoeni betri upesi. Kikiwa baridi, hesabuni miguu upya. Mara nyingi 4 imesahauliwa. Bado kimya? Mpeleke kwa fundi redio wa sokoni, umwombe akae naye saa moja. Na lile kopo alibebe.