Bunduki ya Vipande ni Bunduki

Wandugu wachimbaji, na ninyi wote wakaaji wa mji,

Kuna neno moja ambalo wafanya biashara ya silaha wanalipenda sana, nasi tunalikataa. Wanasema bunduki iliyofunguliwa vipande vipande si bunduki tena, ni chuma tu. Tunalikataa mbele yenu kwa sababu ninyi mnajua kazi ya chuma. Pampu ikishushwa shimoni kwa vipande, ni kapita gani anayeandika katika daftari lake kwamba leo kimeshuka chuma tu? Anaandika pampu. Anajua kwamba kabla ya jua kutua mafundi wataifunga, na maji yatapanda.

Tuwaeleze namna biashara hii inavyofanyika Marekani, maana huko ndiko imekomaa. Sheria yao ya mwaka 1968 inasema kwamba, kati ya vipande vya bunduki, kimoja kinahesabiwa peke yake kuwa silaha: kile cha katikati kinachobeba vingine vyote na kupigwa namba. Sisi tukiite mwili. Basi jeshi la inchi fulani linapochoka na bunduki zake za zamani, mfanya biashara anazinunua, anaukata mwili kwa moto wa gesi mpaka usifae kitu, na yote yaliyobaki anayatia katika sanduku: kitako, chemchemi, mtambo wa kufyatulia, na kifungio, yaani kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi. Sanduku hilo linauzwa kama vipande. Mnunuzi anatafuta mwili mpya kwa mwenyi kuuza silaha, jina lake linaandikwa, kisha anarudi nyumbani kuunganisha. Bunduki iliyozikwa katika inchi moja inafufuka katika inchi nyingine.

Nyingi za bunduki hizo ni za namna ya FAL, iliyochorwa na Dieudonné Saive katika kiwanda cha Herstal, Ubelgiji. Majeshi ya inchi zaidi ya 90 yalizibeba. Masanduku ya vipande vyake yalitoka Uingereza, Austria, Brazili na hata Afrika ya Kusini.

Watu wanadhani kufunga bunduki ya namna hii ni kukaza parafujo tu. Sivyo. Kazi ya mwisho ndiyo yenyi hatari kuliko zote, na fundi wa atelye ataelewa upesi. Mwili ni mpya, kifungio ni cha zamani, mtutu pengine ni wa bunduki ya tatu. Havijapata kukutana hata siku moja. Risasi ikilipuka inasukuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 3,000 juu ya kila sentimita ya mraba, na kinachozuia nguvu hiyo isirudi usoni mwa mpigaji ni kile kifungio, kama kimekaa sawasawa. Nafasi kati yake na risasi ikizidi kwa upana wa unywele mmoja au miwili, ganda linaweza kupasuka. Kwa hiyo fundi wa kweli hapimi kwa jicho wala kwa sala. Ana vipimo viwili vya chuma kigumu: kimoja kifungio lazima kifunge juu yake, cha pili lazima kikatae. Asiye na vipimo hivyo aiache kazi kwa mwenyi navyo.

Basi kama kazi ya mwisho ni kubwa hivyo, je, si kweli kwamba bunduki inazaliwa siku hiyo tu, na kabla yake ilikuwa chuma? Hapo ndipo wanapotaka kutudanganya. Ugumu wa kazi unatuambia nani anapaswa kujibu kwa bunduki hiyo. Hautuambii kwamba sanduku lilikuwa halina hatia.

Wamarekani wenyewe walihangaika na jambo hili miaka mingi. Sheria yao ya mwaka 1990 ilizaa hesabu ya kuchekesha: vipande 20 viliandikwa majina, na bunduki za aina fulani zikifungwa huko, vile vilivyotoka inchi za nje visizidi 10. Kana kwamba marehemu atauliza parafujo iliyomwua ina pasi ya inchi gani! Mwaka 2005 walikataza mitutu ya zamani kuingia pamoja na masanduku hayo. Kisha wakatokea wajanja wengine, wakauza mwili ambao haujamalizika, bila namba, mnunuzi amalizie kwa vyombo vya nyumbani. Mwaka 2022 serikali yao ikaamuru kwamba sanduku linaloweza kugeuzwa silaha upesi lihesabiwe silaha. Wafanya biashara wakaenda mahakamani. Tarehe 26 Machi 2025 Mahakama Kuu ilikubali amri hiyo, waamuzi 7 kwa 2. Mbele yao kulikuwa na habari ya sanduku moja la bastola: mtu asiyelijua alilifunga kwa dakika 21 tu, kwa vyombo vya kawaida. Hata mwamuzi aliyeandika hukumu alisema kwamba mtu akinunua meza ya kufunga mwenyewe, anasema amenunua meza.

Msiseme hayo ni ya Wamarekani. Kiwanda kile cha Herstal kilianzishwa mwaka 1889 ili kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, na bunduki za Mauser za Wabelgiji zikafika mikononi mwa askari wa Force Publique hapa kwetu. Ganda la risasi ni mukuba sehemu 70 na zinki sehemu 30 katika kila 100, yaani vyuma viwili ambavyo watu wa Kipushi walivichimba katika shimo moja. Sisi tunajua vitu vinaondoka vipande na kurudi vimefungwa.

Na mashariki ya inchi yetu watu wanakufa kwa silaha ambazo hakuna aliyezihesabu. Katika mji mkuu wetu, tarehe 30 Aprili 2010, inchi za Afrika ya kati zilikubali Mapatano ya Kinshasa, yaliyoanza kuwa na nguvu mwaka 2017. Hayakutaja bunduki na risasi peke yake. Yalitaja, katika jina lake lenyewe, vipande vyote viwezavyo kutumika kuzitengeneza, kuzirekebisha na kuziunganisha. Walioandika hivyo walikuwa na akili ya kapita.

Tunataka neno hilo lishuke kutoka karatasini mpaka kwenye stoo na mpakani. Mtutu ukishikwa forodhani, uandikwe kama silaha. Silaha zikikusanywa, zisikatwe mwili tu na vifungio kubaki sandukuni kwa askari wa zamu. Vyote viyeyushwe, mtutu na kifungio na mtambo, mbele ya wakaaji wa mtaa. Tanuru tunazo. Na daftari la vipande lifunguliwe, kipande kwa kipande, lisomwe mbele ya wabunge kila mwaka. Tunawauliza waheshimiwa: daftari hilo liko wapi, na nani analiandika?