Kutoa ni Moyo, Kiwango cha Chini 30,000

Ujumbe huu niliuandika mimi mwenyewe, Novemba mwaka juzi: "Wazazi wapendwa, kutoa ni moyo. Kiwango cha chini ni 30,000. Mwisho Ijumaa." Nikautuma kwenye kundi la WhatsApp. Hakuna aliyecheka. Hata mimi niliyeuandika sikuona kichekesho.

Nilikuwa mweka hazina wa wazazi wa darasa la awali, katika shule moja ya binafsi huku Tabata. Fedha ilikuwa ya mahafali: zawadi ya mwalimu wa darasa, mifuko ya zawadi za watoto, keki na maputo. Kila jioni nilibandika orodha kundini. Aliyelipa niliweka tiki ya kijani mbele ya jina lake. Ambaye bado, palibaki peupe. Na kwa kuwa mjini hapa mzazi huitwa kwa jina la mwanawe, Mama fulani, Baba fulani, orodha yangu ya wadaiwa ilikuwa orodha ya watoto wa miaka mitano.

Alhamisi, mama mmoja alijitoa kwenye kundi. Namfahamu. Anakaanga vitumbua alfajiri karibu na kituo cha daladala, na ada ya mwanawe huilipa kwa awamu. Sikumpigia simu. Nilichofanya ni kulifuta jina lake ili orodha ipendeze. Siku ya mahafali mwanawe hakuja. MC alipoanza kuita watoto mmoja mmoja kuchukua mifuko yao, hakuna aliyeuliza mbona mmoja hayupo.

Siku mbili baadaye nilimkuta mwanangu sebuleni akicheza mahafali. Amepanga vidoli vyake mstari mmoja, anaviita kwa majina ya wenzake, na kila kimoja anakipa kizibo cha soda. Kidoli kimoja kilikuwa pembeni, kimegeuziwa ukutani. Nikamuuliza, na huyu je? Akanijibu bila kuinua macho, "Huyu mama yake hajalipa."

Serikali inasema darasa la awali na madarasa ya mwanzo ni ya KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Sisi wazazi tumeongeza K ya nne, kulinganisha, na tunaifundisha vizuri kuliko zile tatu.

Najua nitakavyojibiwa, maana majibu hayo niliwahi kuyatoa mimi.

La kwanza: si lazima, ni hiari. Hiari yenye kiwango cha chini, tarehe ya mwisho na orodha ya majina ni kodi. Tena kodi ya serikali ina adabu zaidi, kwani TRA hawabandiki jina lako mbele ya majirani kila jioni.

La pili: huu ni utamaduni wetu, sisi ni watu wa kuchangiana. Kweli kabisa. Tunachangiana harusi na misiba, na kwenye taarabu tunainuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji huku ukumbi mzima ukitutazama. Lakini anayeinuka kutunza ni mtu mzima, amekwenda kwa miguu yake, na akikosa noti hukaa kwenye kiti chake akafaidi wimbo kama wengine. Hakuna mwimbaji anayekatiza wimbo kusoma majina ya waliokaa. Na kwenye msiba, asiye na fedha huteka maji, huosha vyombo, hulala matangani, na mchango wake unahesabika. Kwenye orodha yangu hapakuwa na safu ya kuosha vyombo. Tulichukua mila tukaacha huruma yake.

La tatu ndilo zito: walimu wanastahili. Wanastahili, tena sana. Mtu anayefuta kamasi na kufunga kamba za viatu vya watoto 30, kisha akawafundisha irabu, anastahili kuliko wengi wetu tunaokaa ofisini. Basi nikueleze kilichotokea. Tulimpa mwalimu blenda, seti ya vyombo na kitenge. Alilia, tukapiga picha. Februari nilikutana naye sokoni, nikamuuliza kwa utani kama ananinywesha juisi lini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Blenda niliiuza, dada. Mwezi wa kumi na mbili hatulipwi."

Mwezi ambao shule haifundishi, hailipi. Sisi wazazi 30 tulikuwa na uwezo wa kukusanya karibu milioni moja ndani ya wiki mbili, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimama kwenye kikao cha wazazi akamuuliza mwenye shule anawalipa walimu kiasi gani, na kwa miezi mingapi. Blenda yetu ilimfuta jasho mwajiri, siyo mwalimu. Mwalimu msaidizi tulimpa leso moja. Matroni wa basi, anayembeba mwanangu mikononi akisinzia, tulimsahau kabisa.

Mwaka 1925 Mfaransa Marcel Mauss aliandika kwamba zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Sasa jiulize mwalimu wa awali atarudisha nini. Hana blenda ya kutupa sisi. Alichonacho ni jicho lake, nani amwangalie zaidi, nani amvumilie. Usiniambie mwaka umekwisha. Januari mdogo wake anaanza, darasa lilelile, mwalimu yuleyule. Simtuhumu mwalimu. Najituhumu mimi, kwa sababu nilipochagua kitenge cha bei zaidi, mdogo mtu alikuwa kichwani mwangu.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alilalamikia shule zinazomlea mtoto ajione yeye kabla ya wenzake. Miaka hii yote baadaye, sisi tunaojiita wasomi tunaikamilisha kazi hiyo kabla mtoto hajajua kuandika jina lake.

Sisemi zawadi zikome. Mtoto akimchorea mwalimu wake ua lenye macho matatu, achore. Mzazi mwenye uwezo akitaka kumpa mwalimu bahasha, ampe nje ya darasa, bila MC na bila picha. Watoto wapewe kitu kimoja, sawa kwa wote, na asiyechangia apewe vilevile. Orodha yenye tiki ife. Na nguvu ile tuliyotumia kudai 30,000 kwa muuza vitumbua, tuipeleke kwa mwenye shule tukadai mshahara wa Desemba. Hiyo ndiyo zawadi ambayo mwalimu hatalazimika kuiuza.

Kwenye kikao cha mwaka jana niliuliza swali hilo. Mwenye shule alisema atalitazama. Wazazi wawili waliniunga mkono, wengine walitazama simu zao. Kikao kingine kinakuja, nitauliza tena.

Yule mama nilikwenda kumwomba radhi kibandani kwake. Alinisikiliza huku akigeuza vitumbua. Kisha akaniuliza, "Vya shilingi ngapi?" Nikanunua vya elfu mbili. Hakuniongeza hata kimoja, na alikuwa na haki.