HIYO BOKSI YA TV NI MGIBEONI

 

Bonasi ya majani chai ikiingia, kila nyumba huwa na mpango wake. Wengine mabati, wengine karo, wengine ng'ombe. Sina neno na hayo. Lakini kuna kitu nakiona kwa nyumba za washirika kila nikitembea, na leo nitakisema hata kama utakasirika na mchungaji wako. Ni ile boksi nyeusi ndogo iliyokaa chini ya televisheni. Haina jina la kampuni unayoijua. Imeandikwa 8K, na televisheni yenyewe ni ya inchi 32! Aliyekuuzia alikuambia hutalipa king'amuzi tena, mpira wote ni bure, sinema zote ni bure. Ukarudi nyumbani ukisema Mungu amefungua mlango.

Ndugu yangu, mlango umefunguka kweli. Tuulize ni nani anaingia.

Fungua Yoshua 9. Wagibeoni walijua wakija kwa Yoshua wakiwa na sura yao halisi hawatapokelewa. Kwa hivyo wakavaa viatu vilivyoshonwa-shonwa, wakabeba mikate mikavu yenye ukungu, wakasema wametoka nchi ya mbali sana. Wazee wa Israeli wakaonja ule mkate na hawakumuuliza Bwana. Baada ya siku tatu wakagundua wale watu ni majirani. Na hapo ndipo pabaya: walikuwa wameshaapa, hawangeweza kuwatoa tena.

Sasa sikiliza habari ya hizi boksi. Mwezi wa Januari 2023, mtaalamu wa kompyuta wa Kanada anayeitwa Daniel Milisic alieleza hadharani kwamba boksi aliyonunua, aina ya T95, ilikuja na programu ya wizi ndani yake tangu kiwandani. Hakuwa amebonyeza kitu kibaya. Ilikuja hivyo ndani ya karatasi yake. Mwezi wa Desemba 2024, serikali ya Ujerumani ikakata mawasiliano ya vifaa kama 30,000 vya aina hiyo. Tarehe 5 Juni 2025, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likatoa onyo kwa wananchi kuhusu mtandao wa wahalifu unaoitwa BADBOX 2.0, unaoishi ndani ya boksi za bei rahisi na vifaa vingine vya nyumbani. Mwezi uliofuata Google ikawashtaki watu 25 huko New York, ikisema vifaa vilivyoingiliwa ni zaidi ya milioni 10. Milioni kumi! Hizo nyingine ziko wapi kama si kwa nyumba za watu wa kawaida kama wewe na mimi?

Na inafanya nini humo ndani? Usiku ukiwa umelala, inafungua matangazo ambayo huyaoni na kuyabonyeza, ili mtu fulani alipwe. Bando lako linaisha, unalaumu watoto. Mbaya zaidi, inauza njia ya nyumba yako. Mhalifu aliye mbali anapitisha kazi yake kwa Wi-Fi yako, na anapojaribu kufungua akaunti ya mtu huko kwingine, inaonekana ni mtu wa Kanyakine aliyefanya. Mwizi akija kukuomba panga saa nane usiku utamkataza. Huyu umempa ufunguo na unamlipia umeme.

Nasikia mtu akisema, "Pasta, sisi hutazama mahubiri tu." Amina, lakini boksi haijali unatazama nini. Mwingine atasema, "Kwani itachukua M-Pesa yangu?" Hapana, tusidanganyane kwa jina la Yesu. M-Pesa iko kwa laini yako na nambari yako ya siri, haiko kwa televisheni. Lakini ulipowasha hiyo boksi uliandika barua pepe yako na neno lako la siri. Barua pepe hiyo ndiyo ulifungulia akaunti ya KRA, ndiyo iko na picha za watoto, na dada yangu uliye mweka hazina wa chama cha akina mama, ndiyo iko na hesabu za wenzako. Ukisahau neno la siri la kitu chochote, linabadilishwa kupitia barua pepe. Umempa Mgibeoni rundo lote la funguo.

Halafu kuna hili la "bure". Ile mechi kuna watu wameilipia haki ya kuionyesha. Wewe unamlipa fundi pesa kidogo kwa mwaka akuwekee orodha ya stesheni zilizoibwa, kisha Jumapili unainua mikono. Amri ya nane haikuandikwa kwa wezi wa kuku peke yao.

Nimeulizwa, kama si boksi, ni nini? Kama unataka kutazama tu, basi nunua kifaa cha kampuni inayojulikana, ambacho Google yenyewe inakitambua katika orodha yake ya Android TV, na ambacho hakikuambii uzime ulinzi wa Play Protect ndipo kifanye kazi. Hiyo ya kuambiwa uzime ulinzi ni dalili ambayo FBI wenyewe wameitaja. Mlinzi wa lango akiambiwa alale ndipo mgeni aingie, huyo si mgeni.

Lakini kwa nyumba yenye mtoto wa shule, mimi nasema jikaze zaidi ununue kompyuta ndogo. Zile ukubwa wake ni kama Biblia nene: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Zilitumika maofisini, sasa zinauzwa za mtumba. Ndiyo, itakugharimu mara kadhaa ya bei ya boksi, na utaongeza kibodi na kipanya. Luka 14 inatuambia tukae chini tuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara, kwa hivyo hesabu kweli. Boksi ikizeeka unaitupa. Kompyuta unaiunganisha kwa televisheni ile ile kwa kebo ya HDMI, jioni mnatazama ibada, asubuhi mtoto anaandika kazi ya shule, mwezi wa Juni unajaza ushuru wako bila kupanga foleni ya saiba. Na kubwa kuliko yote: unaweza kufuta kila kitu kilichomo na kuanza upya kwa mfumo uliouchagua mwenyewe. Boksi hata ukiirudisha kama ilivyotoka kiwandani, kilichotoka nayo kiwandani kinabaki. Hicho ndicho kiapo cha Wagibeoni.

Usinunue kwa macho pia hapa, maana mtumba nao una mikate yenye ukungu. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, haipewi tena marekebisho ya kawaida ya usalama. Kwa hivyo kama ni ya Intel, angalia nambari inayofuata i3 au i5: ianze na 8, 9, 10 au zaidi, ndipo itakubali Windows 11 vizuri. Ukipata ya zamani kwa bei nzuri, weka Linux Mint, haina malipo. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Mwambie aifute mbele yako. Akikataa, salimia uende zako.

Sikatai ina shida zake. Haina rimoti, na nyanya hatafurahia kushika kipanya. Inakula umeme kidogo zaidi. Netflix kwa Linux huonyesha picha isiyo safi sana. Sawa. Heri picha ya wastani kuliko mgeni usiyemjua akikaa sebuleni na watoto.

Na kuna wale wanaoniambia mambo ya kompyuta si ya mchungaji. Someni Nehemia 13. Kuhani Eliashibu alimpa Tobia, adui wa kazi ya Mungu, chumba kikubwa ndani ya nyumba ya Bwana, mahali palipowekwa sadaka na ubani. Nehemia aliporudi hakuitisha kikao. Alitupa nje vyombo vyote vya Tobia, akaamuru vyumba visafishwe.

Basi wewe ambaye umeshanunua, fanya hivi leo jioni. Chomoa boksi kutoka kwa umeme, usizime kwa rimoti. Ukitumia simu yako, badilisha neno la siri la barua pepe, kisha la Wi-Fi. Usimpe jirani hiyo boksi, na usiiuze, maana utakuwa umemuuzia Tobia. Kwa kamati ya vyombo ya kanisa, ile boksi mliyopendekeza kwa ukumbi wa vijana sitaidhinisha. Tutachanga kompyuta. Na Jumapili baada ya ibada ya pili, kijana wetu wa mitambo atakaa nyuma ya jukwaa na kebo na bisibisi. Ukiwa na kifaa ambacho huna uhakika nacho, kilete, akiangalie bila malipo. Wa Igoji, pigieni ofisi ya kanisa tupange siku ya kuja kwenu.