"Hivi" ni kilo ngapi?

Mpishi wa pilau niliyemwita kwa ajili ya kipaimara cha binti yangu alifika nyumbani Tabata Jumatano jioni, akakataa soda, akauliza swali moja tu.

"Mama, wageni wangapi?"

"Kama themanini hivi, mzee wangu."

Akacheka. "Hiyo ‘hivi’ ni kilo ngapi?"

Nilidhani ananitania. Jibu nililipata Jumapili. Kilo moja ya mchele, ukiipika pilau, hutosha watu wanane hadi kumi, kwa hiyo nilinunua kilo 10, na nyama kilo 5. Wakaja watu 130. Meza ya mwisho haijaitwa, mwiko ukaanza kukwangua chini ya sufuria. Kijana akatimuliwa dukani kuleta kilo 5 nyingine. Pilau haipendi haraka: vitunguu vilitolewa motoni vikiwa vyeupe, makaa hayakupaliwa juu ya mfuniko, wali ukapakuliwa ungali na kiini. Msimamizi wa binti yangu, mtu mzima na heshima zake, alitafuna punje zile kimya kimya huku akinitazama kwa huruma. Kufika saa kumi, tangi la lita 1,000 lilikuwa limekauka, na foleni ya chooni ilizidi ya chakula.

Siwalaumu wageni. Kosa lilikuwa langu, na naamini ni la wengi wetu: shughuli ikiwa ya nyumbani, tunaona kuhesabu watu ni uchoyo. Ukimuuliza jamaa, "Mtakuja wangapi?" anaona unambania sahani. Lakini jamaa huyo huyo, akipewa kadi ya dabo ya harusi ya ukumbini, anawaacha watoto nyumbani, anakuja na mkewe, anaonyesha kadi mlangoni na hanuni. Mlinzi wa ukumbi ana ruhusa ya kuhesabu. Mwenye nyumba amekatazwa na nani?

Najua nitakachoambiwa: nyumbani si ukumbini, huwezi kumfukuza jirani wala mtoto wa mtaa aliyesikia muziki. Kweli, na sitaki kumfukuza mtu. Ila watoto wa mtaa wetu hawakudondoka kutoka mbinguni siku ile. Kila jioni wanacheza mpira mbele ya geti langu; nilishindwa nini kuwahesabu? Wapo pia wanakwaya wanaotusindikiza kutoka kanisani, mpiga picha na msaidizi wake, vijana wa muziki na wa turubai, na shangazi ambaye lazima aombe kumfungia chakula mgonjwa aliyebaki nyumbani. Hawa hawana kadi, lakini nilijua fika kwamba watakula. Wengi tunaowaita wageni wa ghafla si wa ghafla hata kidogo. Tumeona uvivu tu kuwaandika.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji hakupona. Katika picha zote za kipaimara naonekana mara moja tu, nyuma ya keki, kanga kiunoni, nimeshika mfuniko wa sufuria kama ngao. Binti yangu alisimama akatoa shukrani kwa mama yake. Maneno yake niliyasikia kwa kusimuliwa, maana nilikuwa barabarani nambembeleza mwenye bajaji alete madumu ya maji.

Mwaka jana mwanangu wa kiume alipomaliza kidato cha nne, nilianza na daftari, wiki tatu kabla. Ukurasa wa kwanza, majina ya walioalikwa. Wa pili, wale wasio na kadi. Wa tatu, kazi na mwenye kazi: nani anapakua, nani anaangalia maji, nani anakaa na ufunguo wa choo cha nje. Mapambo niliyaweka mwisho, yapate kilichobaki. Keki ya ngazi tatu ikashuka ikawa ngazi moja, na tofauti yake ikakodi choo cha pili na kununua mapipa mawili ya maji. Hakuna aliyeuliza habari za keki. Jamaa wawili walinuna nilipowauliza idadi yao; siku ilipofika walikuja, wakala, wakacheza, wakasahau.

Usiku wa kuamkia shughuli, mzee wa pilau alikuja na kisu chake. Akautazama mchele, kilo 16.

"Mama, wageni wangapi?"

"Mia moja ishirini na wawili."

"Hivi?"

"Hakuna hivi, mzee wangu."

Akavuta kigoda, akaanza kumenya vitunguu.