Skripti ya Ripoti ya Mwezi Iandikwe kwa Lugha Gani?

Kila mwisho wa mwezi, zahanati na vituo vya afya vya Kinondoni na Temeke hugeuka kwa siku chache kuwa ofisi za hesabu. Vitabu vya MTUHA hufunguliwa, wagonjwa wa nje walioandikwa katika Kitabu cha 5 hujumlishwa kwa umri, jinsia na ugonjwa, na jumla hizo huingizwa katika DHIS2, mfumo ambao taifa hukusanyia takwimu za afya. Pale ambapo kumbukumbu za wagonjwa tayari zimo katika kompyuta, baadhi ya vijana wa TEHAMA huandika skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta huyafuata yenyewe, ili kazi ya siku mbili imalizike kwa dakika chache. Ni jambo la kushukuru, kwani muuguzi anayehesabu vistari hayupo kwa mgonjwa.

Lugha ya kuandikia skripti hiyo huachwa ichaguliwe na mwandishi wake, kana kwamba ni suala la ladha, kama vile mtu achaguavyo chai ya rangi au ya maziwa. Kwa maoni yangu ni suala la usalama wa mgonjwa, na kipimo chake cha kwanza si kasi wala umaarufu wa lugha. Mwandishi akihamishwa kesho, nani ataweza kuisoma?

Uhamisho ni hali ya kawaida katika utumishi wa umma, na anayejitolea huondoka siku anapopata ajira. Skripti hubaki. Fomu ikibadilishwa na safu moja kuongezwa, skripti isiyo na msomaji huendelea kujumlisha kwa mpangilio wa zamani bila kulalamika. Namba hutoka, ripoti hupelekwa, na homa ya matumbo huhesabiwa mahali pa malaria. Takwimu za aina hiyo huingia katika makadirio ya dawa na vitendanishi. Mama wa Chamazi anayeambiwa kuwa dawa imekwisha hana njia ya kujua kama kasoro ilianzia katika mstari mmoja wa maagizo.

Hata penye fedha nyingi mambo haya hutokea. Nchini Uingereza, kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, watu 15,841 waliothibitika kuwa na virusi vya korona hawakuingia katika hesabu za kila siku, kwa sababu faili la Excel la muundo wa zamani, lisilobeba zaidi ya mistari 65,536, lilijaa. Wenyewe walikwisha kupewa majibu yao. Waliokaribiana nao ndio waliochelewa kutafutwa.

Kwa hiyo sipendelei makro za VBA, ingawa ndizo zilizo karibu zaidi na mkono wa kila mtumiaji wa Excel. Makro hukaa ndani ya faili lenyewe. Faili likinakiliwa katika flashi tatu, baada ya miezi sita kuna makro tatu zinazotofautiana, na hakuna ajuaye iliyo sahihi. PowerShell huja pamoja na Windows, haihitaji bando la kuipakua, na kwa kunakili akiba ya data au kusimamia akaunti za watumishi sioni sababu ya kutafuta nyingine. Seva za Linux zina Bash yake.

Kwa ripoti yenyewe nachagua Python. Ni ya bure, hufanya kazi katika Windows na Linux, husomeka hata na asiye bingwa, na wanaoijua ni wengi. Ina usumbufu wake: lazima isakinishwe, na skripti nyingi zilizoandikwa kwa Python 2, ambayo uangalizi wake ulikoma Januari 1, 2020, hazifanyi kazi katika Python 3 bila marekebisho. Wala haimkingi mzembe. Excel huitupa sifuri ya mwanzo ya namba ya simu. Pandas, maktaba ya Python inayopendwa na wengi, nayo huitupa usipoiamuru isome namba hiyo kama maandishi. Hapo mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dawa hapatikani kwa simu. Na kituo chenye watu wawili wanaojua R na mmoja tu anayejua Python, kitumie R. Siteti jina la lugha.

Ninachotetea ni msomaji wa pili. Maelezo ndani ya skripti yaandikwe kwa Kiswahili, yakieleza kwa nini safu fulani inajumlishwa. Skripti inayohitaji umri na jinsia isiguse majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na kompyuta ya nyumbani ya mtumishi si masijala. Kwa miezi mitatu ya mwanzo vitabu viendelee kuhesabiwa kwa mkono na jumla zilinganishwe. Na kabla ya yote hayo, mganga mfawidhi amwite mtumishi mwingine, asiye mwandishi, aifungue skripti na kumweleza mstari kwa mstari inafanya nini. Akishindwa, ripoti ya mwezi huo iendelee kujazwa kwa kalamu.