Kompyuta Zisizoonana Ndani ya Nyumba Moja

Kuhamia kwa wizara katika Mji wa Serikali wa Mtumba, uliozinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 13 Aprili 2019, kuliileta Dodoma jamii kubwa ya watumishi ambao kazi zao hazikomi saa tisa na nusu alasiri, na katika nyumba za Mtumba, Ihumwa na Nzuguni si ajabu tena kukuta kompyuta mpakato sebuleni na ya mezani chumbani, zote zikitegemea ruta moja yenye laini ya simu. Familia ya namna hiyo hufika mahali ikahitaji ufikiaji wa mbali, yaani uwezo wa kuketi mbele ya kompyuta moja na kuiendesha nyingine kana kwamba mtumiaji yuko mbele yake. Jambo hilo linaposhindikana lawama huelekezwa kwenye bando, kisha kwenye kampuni ya simu, ingawa mara nyingi vyote viwili havihusiki.

Ruta hukipa kila kifaa cha nyumbani anwani ya IP, ambayo ni namba ya kukitambulisha kifaa mtandaoni, na anwani hizo huchukuliwa katika mafungu yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani, likiwemo lile linaloanza na 192.168. Mazungumzo baina ya vifaa hivyo huishia kwenye ruta yenyewe wala hayagusi intaneti, kwa hiyo hata bando likiisha kompyuta mbili za nyumba moja zinaweza kuendelea kuwasiliana. Kinachozikwamisha zaidi ni umeme, kwa sababu ukikatika na kurudi, ruta huwaka upya na huweza kugawa anwani kwa mpangilio tofauti, na ile namba iliyohifadhiwa jana ikawa leo ni ya simu ya mtoto. Dawa yake ni kuiagiza ruta iitengee kompyuta ya chumbani anwani isiyobadilika, mpangilio ambao ruta nyingi zinao na watu wachache huufungua.

Uchunguzi wenye mantiki huanzia karibu na kwenda mbali, na kipimo chake cha kwanza ni amri ya ping, inayotuma ujumbe mfupi kwenye anwani fulani na kusubiri jibu. Katika Windows majibu ya kushindwa huja kwa sura mbili ambazo mafundi wengi huzichanganya, na hapa ndipo muda mwingi hupotea. Kompyuta ikijibu kutoka kwenye anwani yake yenyewe kwamba mwenzake hafikiki, maana yake imemwita ndani ya mtandao na hakuitika kabisa: huenda amezimwa, amelala ili kuokoa umeme, au yuko kwenye mtandao wa wageni, ambao ruta huutenga makusudi ili kifaa kimoja kisikione kingine. Jibu likiwa kwamba muda wa kusubiri umekwisha, yawezekana mwenzake yupo na ukuta-moto wake, yaani programu inayochuja mawasiliano yanayoingia, umeutupa ujumbe. Amri ya arp -a huondoa shaka, kwa kuwa huorodhesha vifaa vilivyoitika mwito wa ndani, na anwani inayotafutwa ikionekana humo pamoja na namba ya kudumu ya kifaa, basi kompyuta iko hai na tatizo limo ndani yake. Anwani inayoanza na 169.254 nayo ina habari yake: kompyuta haikupata namba kutoka kwenye ruta, ikajipa yenyewe.

Baada ya hapo hubaki sababu ambazo waya wala ruta haziwezi kuzitatua. Windows ya toleo la Home haipokei wageni wa huduma ya Remote Desktop, yaani ile ya Windows ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, ingawa yenyewe inaweza kwenda kuifungua kompyuta yenye toleo la Pro, na mnunuzi wa kompyuta mpakato ni nadra kuelezwa hivyo dukani. Akaunti isiyo na nywila hukataliwa kwa njia ya mtandao hata kama hufunguka bila kikwazo mezani, na ile PIN ya tarakimu chache iliyozoeleka asubuhi haifanyi kazi kutoka mbali, kwani imefungwa kwenye kifaa chake. Mtandao wa nyumbani ukiwa umesajiliwa kwenye kompyuta kuwa wa hadhara, ukuta-moto hubana zaidi, na kuubadilisha uwe wa binafsi huweza kumaliza shauri.

Safu hii haina huruma na tiba mbili za mkato. Ya kwanza ni kuzima ukuta-moto wote ili huduma moja ipite, wakati kinachotakiwa ni kuiruhusu huduma hiyo peke yake. Ya pili, iliyo mbaya zaidi, ni kuufungua kwenye ruta mlango namba 3389, ambao ni namba ya huduma ya Remote Desktop, ili kompyuta ifikike kutoka ofisini. Mei 2019 Microsoft ilitangaza udhaifu uliopewa jina la BlueKeep, ambao uliwezesha matoleo ya zamani ya Windows kuvamiwa kupitia huduma hiyo bila nywila yoyote, na mlango ulio wazi kwa dunia nzima hujaribiwa na mashine usiku na mchana. Isitoshe, kwenye laini za simu kazi hiyo mara nyingi ni bure, kwa kuwa kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Anayehitaji kuifikia nyumba yake kutoka Mtumba atumie VPN, njia iliyosimbwa inayopita ndani ya intaneti, akikumbuka kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watumiaji wa VPN kuitaarifu.

Nyaraka za ofisi zikiwemo kwenye kompyuta hiyo, uzembe huo hauwi tena wa mwenye nyumba peke yake, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, mteja na amtake amwonyeshe kwenye kioo kwamba ukuta-moto umewashwa tena, na kwamba hakuna mlango ulioachwa wazi kwenye ruta.